Mpira umetoka, mtoto bado: ukiambiwa utaanzishiwa uchungu kwa mpira wa puto

Jioni moja tukikaribia kufunga duka, hapa Mwanga, Kigoma mjini, kijana aliingia akaomba mpira. Mdogo wangu akamkatia makintoshi, kwa sababu mtu akija kwetu akasema mpira, mara nyingi ni ule wa kutandika kitandani wakati wa kujifungua. Nusu saa baadaye akarudi, jasho linamtoka. "Mama, si huu. Wamesema mke wangu atawekewa mpira ndani, ndipo uchungu uanze. Sasa ndani wapi? Mtoto hataumia?"

Tulimpa kiti na maji ya kunywa, nikamweleza. Nilifanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye biashara hii, na swali lile nililisikia leba mara nyingi, tena likiulizwa usiku, mama ameshalala kitandani na hakuna mwenye nafasi ya kumjibu kwa utulivu. Ndiyo maana naliandika hapa.

Maneno yetu yenyewe yanachanganya. Wa kutandika ni mpira, wa mkojo ni mpira, na huu wa kuanzishia uchungu nao ni mpira. Na huu wa mwisho, mara nyingi, ndio uleule wa mkojo: bomba jembamba, laini, lenye kiputo karibu na ncha. Umepewa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1930 kwa ajili ya kibofu. Mwaka 1967 madaktari nchini Uingereza walikuwa tayari wanaandika jinsi ya kuutumia kufungua mlango wa kizazi. Kwa hiyo, mama, hujaribiwi kitu kipya. Shirika la Afya Duniani linautambua kama njia mojawapo ya kuanzisha uchungu.

Sababu za kuanzishiwa zinatofautiana. Wengine wamepita tarehe ya matarajio kwa wiki nzima, yaani wametimiza wiki 41. Wengine wana presha ya ujauzito au dalili za kifafa cha mimba, wengine kisukari, au mtoto haongezeki inavyotakiwa. Kama sababu yako hujaambiwa, iulize. Ni haki yako kuijua kabla hujapanda kitandani.

Mlango wa kizazi ambao haujawa tayari ni mgumu, mrefu, na umefunga. Gusa ncha ya pua yako: ndivyo ulivyo. Ukishalainika unakuwa kama mdomo. Mkunga anaupima kwa vidole, anaangalia umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Ukiwa bado mgumu, dripu ya uchungu peke yake inaweza kukutesa siku nzima bila mlango kusogea. Hapo ndipo mpira unapohitajika.

Kuwekewa kwenyewe huchukua dakika chache. Unapanda kitandani kama mtu anayepimwa njia, miguu imepanuliwa. Wanasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwanza. Wanaingiza kifaa cha kupanulia njia, wanasafisha, kisha wanapitisha bomba katikati ya mlango wa kizazi. Likishapita, wanajaza puto kwa maji safi ya hospitali kwa bomba la sindano, kati ya mililita 30 na 80 kufuatana na utaratibu wao. Likijazwa mililita 60 linakaribia ukubwa wa yai la kuku. Mkia wa bomba unavutwa kidogo na kubandikwa pajani kwa plasta.

Yule kijana aliuliza kama mtoto ataumia. Puto linakaa juu tu ya mlango, nje ya chupa ya uzazi. Mtoto yuko ndani ya chupa yake. Puto linabonyeza mlango, na kule kubonyeza kunaufanya mwili utoe kemikali zake wenyewe za kuulainisha. Hakuna dawa ndani ya mpira.

Maumivu yapo, sitakuficha. Wakati wa kuweka, wengi husikia mbano kama wa hedhi kali, na kama mlango uko nyuma sana mkunga anaweza kuhangaika kidogo kuufikia. Vuta pumzi polepole, legeza makalio. Ukitaka wasimame kwanza, sema. Baadaye tumbo litabana na kuachia, na ute wenye damu kidogo ni kawaida. Unaweza kutembea wodini, kula, kulala, kwenda haja. Jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma na usilivute bomba mwenyewe. Mkunga atapita mara kwa mara kulivuta taratibu aone kama limelegea.

Halafu unasubiri, na hapa ndipo familia nyingi zinapovunjika moyo. Mpira huachwa ndani kwa muda wa hadi saa 12, sehemu nyingine hadi saa 24. Mlango ukifunguka sentimita tatu au nne, puto linapita lenyewe, pengine ukiwa chooni. Mama anashtuka, ndugu wanapiga simu nyumbani: mpira umetoka! Upande wa pili wanasikia kama mambo yameharibika, au wanadhani mtoto yuko njiani na wanaanza kuchemsha uji. Yote mawili si sahihi. Mpira kutoka wenyewe maana yake umefanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa kuufungua mlango tu. Safari ya kufika sentimita 10 bado. Mara nyingi sasa ndipo chupa inapopasuliwa na dripu ya uchungu inapotundikwa, na uchungu wenyewe unaanza. Kwa uzao wa kwanza hesabu saa nyingi tena.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Nagpur, India, kwa wanawake 602 wenye presha ya ujauzito. Waliowekewa mpira, takriban 47 kati ya kila 100 walijifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24. Waliopewa vidonge vya kumeza vya misoprostoli walikuwa 57. Vidonge vilitangulia kidogo, na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini hesabu hiyo iangalie kwa upande wa ndugu aliyekaa nje kwenye benchi: zaidi ya nusu ya waliowekewa mpira, siku nzima ilipita bila kujifungua kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo usimpigie mama mkwe simu saa sita usiku kumwambia wameshindwa.

Mpira una nafasi yake hata pale ambapo vidonge havifai. Mama mwenye kovu la upasuaji hapewi misoprostoli ya kuanzishia uchungu, kwa sababu inaweza kulifumua lile kovu. Kwake daktari anaweza kufikiria mpira, tena hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati. Mpira pia hauna tabia kubwa ya kuleta uchungu wa kupitiliza kama dawa zinavyoweza kufanya. Hauwekwi kama kondo limeziba njia au mtoto amelala kimshazari, na kama chupa imeshapasuka wengi huchagua njia nyingine.

Mwite mkunga mara moja ukiona damu nyingi kama ya hedhi, ukisikia homa au baridi, maumivu yakishika bila kuachia, au mtoto akipunguza kucheza. Chupa ikipasuka mwambie hapohapo, na ukihisi kitu kama kamba ukeni, usisimame, piga kelele. Kitovu kutangulia ni nadra, lakini ni jambo la dakika.

Sasa nije kwenye lile linalonikosesha usingizi. Mkoani kwetu bado kuna dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, na bibi anayezileta analeta kwa upendo. Simlaumu. Lakini dawa ile ikikutana na dripu, kizazi kinaweza kubana bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, hata kizazi kikapasuka. Mkunga hawezi kujua umekunywa nini usipomwambia. Kama umeshakunywa, mwambie kabla hawajakuwekea chochote. Kukaripiwa kutapita.

Upande wetu wa duka, tulichobadilisha ni mfuko wa kujifungulia. Zamani tulifunga vitu vya usiku mmoja. Kwa mama anayekwenda kuanzishiwa tunafunga vya siku mbili hadi tatu: pedi za kutosha, khanga nne badala ya mbili, makintoshi, beseni, sabuni, nguo za mtoto, na kikombe chenye mfuniko. Wanaotoka mwambao wa kusini kwa boti, au Kasulu na Buhigwe, tunawashauri wapange malazi ya ndugu mapema, maana kwenda na kurudi haiwezekani. Ule mpira wenye puto sisi hatuuzi. Ukiandikiwa ununue, nenda famasi na karatasi yenye namba ya ukubwa wa mpira aliyoandika mkunga, usikisie.

Uliza pia kama utaruhusiwa kuwa na ndugu pembeni. Shirika la Thamini Uhai liliwahi kuendesha mpango wa wenza wa kujifungulia kwenye vituo vya mkoa huu, kwa hiyo wazo si geni hapa, ingawa nafasi wodini hutofautiana. Kama anaruhusiwa mmoja tu, mchague anayeweza kukaa kimya na kukupa maji.

Mke wa yule kijana mpira wake ulitoka alfajiri. Kijana alikuwa ameshamweleza mama yake mzazi yote niliyomwambia, na bibi yule hakupiga simu kwa mtu. Mtoto alizaliwa usiku wa siku ile, wa kiume.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakaa nyuma ya duka na mama vijacho wanaokaribia tarehe. Hakuna malipo na si lazima ununue kitu. Njoo na kadi yako ya kliniki, na kama mume au mama mkwe anataka kusikia mwenyewe, viti vipo.