Rangi imepotea, lakini imekwenda wapi?

Zawadi rafiki yangu,

Salamu nyingi. Mpango wako wa kuondoa rangi ya methilini bluu majini kwa pairaiti (madini ya chuma na salfa) na haidrojeni peroksaidi nimeusoma. Sehemu moja tu inanitia wasiwasi: umeandika kwamba maji yakishakuwa mang'avu, kazi imekwisha. Hapo utadanganyika. Unga wa madini hunyonya rangi. Inang'ang'ania kwenye chembe na hakuna kilichovunjika. Chota unga uliotumika, usuuze kwa ethanoli ndani ya neli ya kioo. Ethanoli ikigeuka bluu, ujue rangi ilijificha tu. Kwa hiyo koroga kwanza dakika 30 gizani bila peroksaidi, ndipo upime sifuri yako, yaani kiwango cha rangi cha kuanzia. Hata chujio la mikromita 0.45 hunyonya, pitisha rangi safi uone inapungua kiasi gani.

Pairaiti isage, uichekeche kwa mikromita 75, uioshe kwa asidi ya haidrokloriki ya molari 1, kisha maji, kisha ethanoli. Ikaushe na kuifungia chupani. Ikiachwa kwenye hewa yenye unyevu hujivika kutu na salfeti, na majibu ya leo hayatafanana na ya jana. Oshea penye hewa inayopita: salfaidi nyingine zilizochanganyika humo hutoa gesi inayonuka mayai viza, nayo ni sumu.

Kwa lita 1 yenye miligramu 20 za rangi, anza na gramu 0.5 za unga na mililita 1 ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, yaani takriban milimoli 10. Usiimimine kwa pupa. Ikizidi huzila radikali zilezile za haidroksili, vipande vikali vya molekuli vinavyotokana nayo na kuvunja rangi. Pairaiti hushusha pH (kipimo cha uasidi) yenyewe, isipokuwa maji yakiwa na bikaboneti nyingi. Ukitumia magnetaiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku) badala yake, pH utaishusha wewe hadi 3, ila unga wake unaukusanya kwa sumaku.

Chukua sampuli dakika ya 5, 10, 20 na 40, tia tone la methanoli kuzikomesha radikali, upime papo hapo rangi iliyobaki kwa mwanga wa nanomita 664. Pembeni weka vyombo vya kulinganishia: cha rangi na peroksaidi pekee, na cha rangi na unga pekee.

Mwisho pandisha pH hadi 8 kwa sodiamu haidroksaidi, chuma kitatuama kama tope la kahawia, uchuje. Ukipima uhitaji wa oksijeni wa kikemikali (kipimo cha uchafu uliobaki majini) huku peroksaidi imebaki, namba itapanda bure. Na arseniki ipime kabla hujamwaga chochote, maana pairaiti nyingi huibeba.

Wako,
Juma