Goti la dada yangu halikuota gegedu

Ndugu Mhariri,

Miaka yote ninayosoma gazeti hili sijawahi kukuandikia, lakini ile habari yenu ya sindano za magoti imenishinda kuivumilia. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi mgonjwa anavyotolewa damu mkononi, ikazungushwa kwenye mashine, kisha utegili, yaani majimaji ya damu, wenye chembe sahani nyingi (zile chembe zinazosaidia damu kuganda) ukachomwa gotini. Halafu akaandika kwamba gegedu lililosagika, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa gotini, huota upya. Nani kamwambia?

Dada yangu aliambiwa hivyohivyo katika kliniki moja ya binafsi. Akauza ng'ombe wake wa maziwa, akachomwa sindano zote alizopangiwa. Hadi leo ngazi anashuka kinyumenyume, mkono ukutani. Nilipouliza kama walipima wingi wa chembe sahani kabla ya kumchoma, daktari alinitazama kana kwamba nimemtukana. Wakati shida yenyewe iko hapo: kila kliniki inatengeneza kwa kipimo chake, na ndiyo sababu mojawapo mwongozo wa mwaka 2019 wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani ulizikataa sindano hizi kwa goti lililosagika. Wapo watafiti waliopata matokeo mazuri, sikatai. Lakini mwaka 2021 Waaustralia walitoa matokeo ya watu 288: nusu walichomwa utegili, nusu maji ya chumvi, wala hakuna mgonjwa aliyejua kapewa kipi. Baada ya miezi 12 maumivu yalikuwa yamepungua karibu sawa kwa wote, na gegedu liliendelea kuisha kwa wote. Maji ya chumvi, Mhariri! Ng'ombe wa mjane ameondoka zizini kwa kitu ambacho hakikuyashinda maji ya chumvi.

Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito hamkuyagusa kabisa, wakati ndiyo madaktari wanayotakiwa kuanza nayo. Nikampeleka dada hospitali ya serikali. Chumba cha mazoezi tiba kiko ghorofani, lifti hakuna, na kliniki ya meno iko chini!

Naomba kila habari ya tiba ya kulipia iwe na kisanduku, herufi kubwa kama za kichwa cha habari: bei yake, majaribio makubwa yalionyesha nini, na kama daktari aliyehojiwa ndiye anayeiuza. Na wagonjwa wa meno wapandishwe ghorofani, magoti yashuke chini, mwezi huuhuu.

Msomaji wenu,
Iringa