Shukrani kutoka familia ya mwalimu wa muziki, Chumbageni, Tanga

Sisi watoto, wajukuu na mama yetu mjane tunatoa shukrani za dhati kwenu nyote mlioshirikiana nasi tangu baba alipougua hadi tulipompumzisha Jumamosi iliyopita. Tulitamani kupita mlango kwa mlango, lakini watu ni wengi na miguu ya mama haina nguvu. Pokeeni haya kama tumepiga hodi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa wiki tatu. Tunajua hakuwa mgonjwa mwepesi. Dada mmoja wa zamu ya usiku alitusimulia kuwa mzee alimwita saa nane za usiku, akaja mbio akidhani hali imebadilika, kumbe anataka kumweleza kuwa mashine ya oksijeni inalia karibu na ile noti ya muziki iitwayo "la", ila imeshuka kidogo. Dada akamjibu, "Nitaikaza kesho, baba." Kila aliyekwenda kumwona baada ya hapo alisimuliwa jibu hilo. Ahsante sana, dada.

Majirani, hatuna la kuwalipa. Waumini wa msikiti wa mtaani ndio waliofunga maturubai hata padre hajafika. Kina mama wa Ngamiani walipika siku tatu mfululizo, vijana wa kijiwe cha bodaboda walibeba viti kutoka kanisani, wawili wawili, mvua ikinyesha. Ndugu wa Muheza, Korogwe na Pangani, tunajua mlilala mkijibana. Michango yote imeandikwa daftarini, na aliyetoa mia tano yupo. Mtu aliyeacha nazi mlangoni alfajiri bila kujitambulisha, zilipikiwa wali wa siku ya maziko.

Walio mbali wametuuliza alikuwa akifanya nini hasa, maana kwetu neno okestra huleta picha ya magitaa na wanenguaji. Baba alizaliwa kambi ya mkonge, akajifunza tarumbeta katika bendi ya shule. Tanga kupuliza ala za shaba si jambo geni. Babu zetu walicheza beni, ngoma ya kuiga bendi za kizungu, kikundi cha Marini upande huu na cha Arinoti upande ule, wakishindana kwa sare na kwa mdundo. Akasomea ualimu wa muziki Butimba, Mwanza, akarudi kufundisha huku. Alipostaafu ndipo akaanza kile alichokitaka siku zote: watoto wa mtaani wenye fidla, selo, klarineti na tarumbeta, wakipiga pamoja kwa noti chini ya mwembe wetu, yeye mbele akiwaongoza kwa kijiti.

Wazee wa taarabu walimcheka. Mji huu una jina lake, vikundi vya Black Star na Lucky Star vimetoka hapa, na wapigaji wake hawakuhitaji mtu wa kuwapungia mkono. Mpiga fidla mmoja alimuuliza, "Mwalimu, unafukuza inzi?" Baba hakukasirika. Alimwambia wapigaji saba wanaweza kuangaliana machoni, lakini wakifika arobaini, wa nyuma akingoja kumsikia wa mbele ndipo aingie, keshachelewa. Mzee yule hakukubali siku ile. Baadaye tukaanza kumwona kila Jumamosi akiwafundisha watoto kushika upinde, na ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa.

Kijiti cha baba kilikuwa cha henzirani, alikichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni akakichomeka kwenye kizibo cha chupa. Kuongoza muziki wa mapigo manne aliwafundisha watoto kwa maneno yake: chini, moyoni, mlangoni, darini. Mkono wa kulia unashuka, unaingia upande wa moyo, unatoka nje, unapanda. Pumzi ya kabla ya pigo la kwanza ndiyo iliyomfanya mkali. Angeweza kuirudia nusu saa, noti hata moja haijapigwa. Na walipochoka aliwasimulia kisa cha Lully wa Ufaransa, aliyekuwa akiongoza muziki kwa kugonga sakafu na fimbo ndefu, akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa mwaka 1687. Hapo huonyesha kandambili zake, watoto wanacheka.

Lililomuuma ni la shuleni. Muziki ulipotiwa pamoja na michezo katika somo la Haiba na Michezo, alisema, mwalimu asiyejua noti atachagua lipi kama si kutoa mpira? Hilo alilisema hata kwenye harusi za watu. Mtusamehe.

Kwaya na vijana wa okestra, mlituuliza kama Aleluya Kuu ya Handel inafaa msibani. Mama ndiye aliyesema ipigwe. Mnajua pale karibu na mwisho, aleluya zimefuatana mbio mbio, wote hunyamaza ghafla kabla ya ile ya mwisho. Baba alisema kimya kile nacho kimeandikwa, kihesabiwe kama noti nyingine. Kila mwaka kuna mmoja anayeingia peke yake. Jumamosi alikuwa mwimbaji wa besi, hatumtaji, na sauti yake ikajaa kanisa zima. Mama aliangua kicheko, kisha tukalia wote. Ndugu yetu wa besi, tumesikia unazunguka njia ya nyuma usipite kwetu. Pita. Mama anakuulizia.

Sasa vyombo. Kabatini tumekuta daftari la kuazimia, fidla kumi na moja, selo mbili, klarineti tatu na tarumbeta nne, kila kimoja na jina la mtoto na saini ya mzazi. Baadhi ya wazazi wameanza kuvirudisha wakidhani ni vya mirathi. Familia imekaa kikao: visirudi. Mtoto aliyenacho aendelee nacho. Vileteni tu Jumamosi vikaguliwe, kwa sababu hewa ya bahari hulegeza gundi, na fidla iliyofungiwa kwenye kasha msimu mzima huachia ubavuni. Nyuzi mpya zipo kidogo. Tafadhali msifunge waya wa breki ya baiskeli. Gitaa huvumilia, fidla haivumilii. Kitu kimoja tu tunaomba kirudi: nakala ya Aleluya Kuu iliyoandikwa kwa wino wa bluu pembeni. Ni mwandiko wa baba.

Tunaomba radhi kwa waliofika Ijumaa usiku wakakuta chakula kimekwisha, na kwa wote ambao hatukuwataja.

Misa ya arobaini itatangazwa kanisani. Mazoezi yanaendelea chini ya mwembe, Jumamosi saa nne asubuhi, na ataongoza binti wa kidato cha tatu aliyekuwa akimfungulia baba kurasa. Kijiti tumemkabidhi yeye. Analalamika kuwa kizibo ni kikubwa kwa kiganja chake. Mjomba seremala anamtafutia kingine.

Kwa niaba ya familia,
mtoto wa pili