Barua ya malalamiko: kufuli la usiku katika makao yenu ya wazee

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni inayoendesha makao ya wazee,
Mombasa.

Bwana Mkurugenzi,

MINT: MLANGO UNAOFUNGWA KWA KUFULI USIKU, MOTO ULIOZUKA CHUMBANI NA TAKA ZINAZOCHOMWA NYUMA YA JIKO

Babangu ni mkaazi wa makao yenu. Alipata kiharusi, upande wake wa kulia haumtii, na hutembea kwa fremu huku ameshikiliwa. Naandika kuhusu usiku ule ekstensheni ilipoungua katika chumba cha pili kutoka chake. Sisi jamaa tuliletewa ujumbe wa simu wa mstari mmoja: hitilafu ndogo ya umeme, imedhibitiwa.

Hitilafu hiyo ndogo nimesimuliwa na waliokuwemo. Stima ilipotea, kisha ikarudi kwa kishindo. Ekstensheni moja iliyobeba godoro la hewa, feni na chaja ikatoa cheche, pazia likashika moto. Mhudumu wa zamu, ambaye yuko peke yake usiku kwa wazee wote wa chini, alizima swichi kuu, akalivuta pazia akalikanyaga. Moshi ulikuwa umeshajaa koridoni. Akamlaza mama mmoja asiyeweza kutembea juu ya blanketi, akamburura hadi kwenye grili ya mlango mkubwa. Grili ina kufuli. Ufunguo uko mfukoni mwa bawabu, na bawabu yuko lango la nje, ng'ambo ya ua, jenereta bado inanguruma kando yake. Aliitwa mpaka sauti ikamkauka yule mhudumu. Moto ulizimika kwa kuwa pazia lilikuwa jepesi na kijana yule ana moyo; mpango wa kampuni haukuchangia chochote, kwa sababu haupo.

Nilimuuliza meneja wenu kuhusu kufuli. Alinijibu kwa upole kwamba ni kwa usalama wao, maana kuna mzee mwenye maradhi ya usahaulifu aliyewahi kutoka usiku akapatikana barabarani. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini makao yenu yana ukuta mrefu uliopandwa vigae vya chupa, na lango la nje lina mlinzi usiku na mchana. Fungeni hilo. Mzee akitoka chumbani akaishia uani, ataumwa na mbu. Akifungiwa ndani ya moshi, tutamzika. Mlango wa nyumba unahitaji komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, pamoja na kengele itakayomjulisha mhudumu kwamba kuna aliyetoka. Mwaka huu mmetutoza ada ya usalama mkaweka kamera. Kamera juu ya mlango uliofungwa itatuonyesha tu walivyokufa.

Msiniambie kwamba hapo ni nyumbani kwa wazee na sheria za kazini haziwahusu. Wauguzi, wapishi na wasafishaji wenu wanafanya kazi humo, kwa hivyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawahusu, pamoja na Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto zilizotoka mwaka huohuo. Kanuni hizo zinataka mazoezi ya kuondoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka na ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka. Babangu hakumbuki zoezi lolote, na wahudumu niliowauliza pia hawakumbuki. Na nchi hii inajua kufuli hufanya nini. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wale walikuwa vijana wenye miguu ya kukimbia.

Mtungi wa kuzimia moto ulio karibu na jiko mmeuficha nyuma ya chungu cha maua ya plastiki. Nilikisogeza chungu hicho mwenyewe. Mshale wa geji uko kwenye nyekundu, na kikaratasi kilichofungwa shingoni kinaonyesha kwamba fundi aliugusa mara ya mwisho zaidi ya miaka miwili iliyopita. Mhudumu wa usiku hajawahi kufundishwa kuutumia.

Kuhusu taka nitasema machache. Nepi za wazee, bandeji na plastiki huchomwa jioni ndani ya shimo nyuma ya jiko, na upepo wa bahari unaurudisha moshi wote kwenye madirisha ya watu wenye pumu. Ndani ya mfuko mweusi, katikati ya maganda ya ndizi, nimeona sindano za insulini zisizo na kifuniko. Mama anayeibeba mifuko hiyo huvaa kandambili. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Sindano zina sanduku lake, na taka za aina hiyo hubebwa na mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Ninachotaka ni hiki. Kufuli la grili liondolewe leo, siku mtakapopokea barua hii. Hilo halihitaji kikao. Ndani ya siku 14 nipewe kwa maandishi ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa moto, tarehe ya zoezi la wazee na wahudumu, na jina la mbebaji wa taka mliyeandikiana naye mkataba. Zamu ya usiku iongezewe mtu wa pili. Ada tunayolipa inatosha. Na ekstensheni zitolewe, fundi wa umeme aweke soketi za kutosha karibu na vitanda.

Sitaki kumhamisha mzee. Amewazoea wauguzi, nao wanamtunza kwa heshima. Vilevile naomba mhudumu wa usiku ule asiadhibiwe kwa kunieleza yaliyotokea, kwani nilimuuliza mimi. Siku 14 zikipita bila jibu, nitafika mwenyewe na nakala hii katika ofisi zilizotajwa hapa chini.

Wako mwaminifu,
Binti wa mkaazi wa chumba nambari 4

Nakala (zimezuiliwa kwa siku 14):
Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS
Zimamoto, Kaunti ya Mombasa
NEMA, Mombasa