Asante, jirani uliyekataa kutajwa

Hutaki jina lako litajwe, sawa, lakini kunyamaza siwezi. Mashine yangu ya kukaushia nguo ilikuwa ikichemka hadi mashati yanatoka yananuka kuungua, kisha inazima katikati. Fyuzi ya joto, ile inayokata umeme mashine ikipata moto kupita kiasi, nilishabadilisha mara mbili, zote zikakata.

Wewe ulichomoa plagi kwanza (mimi nisingekumbuka), ukaivuta mashine kutoka ukutani, ukafungua bomba la kutolea hewa. Lilikuwa limekunjamana, limejaa nyuzi za nguo, bonge la kijivu kama paka aliyelala. Ukasafisha hadi kwenye feni, ukapima themostati, kile kidhibiti joto, kwa mita: nzima. “Fyuzi haina kosa,” ukasema, “ilikuwa inakulinda.”

Pesa ukakataa. Ukadai bisibisi yako tu.