Anayeunda treni ndogo aanze na upana wa reli

Mhariri,

Magazeti yetu yanapoandika habari za reli, mara nyingi picha haiendani na habari. Habari ni ya TAZARA, picha ni ya behewa la Reli ya Kati. Habari ni ya reli ya zamani ya Mombasa, picha ni ya SGR. Kwa msomaji wa kawaida hilo si neno. Lakini wapo vijana wengi siku hizi wanaounda treni za mfano mezani, na hao hununua vifaa kwa kufuata picha. Wakishanunua ndipo wanagundua kuwa reli waliyoitandaza si ya treni waliyoikusudia.

Hapa kwetu reli zina vipimo vitatu. Reli ya Kati, ya Tanga, na ile ya zamani ya Mombasa hadi Kampala zina upana wa milimita 1,000, ukipima kutoka ubavu wa ndani wa chuma kimoja hadi ubavu wa ndani wa kingine. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina milimita 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika. SGR ya Kenya na ya Tanzania ina 1,435. Ndiyo maana pale Kidatu, TAZARA inapokutana na tawi la Reli ya Kati, mzigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Tofauti ni milimita 67 tu, upana wa vidole vinne, na behewa halipiti.

Sasa peleka hesabu hiyo mezani. Skeli inayouzwa zaidi duniani ni HO, yaani 1:87, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 87, na reli yake ina milimita 16.5. Gawanya 1,435 kwa 87 utapata 16.5, kwa hiyo anayetaka SGR anunue ya kawaida, kazi imekwisha. Anayetaka Reli ya Kati akigawanya 1,000 kwa 87 anapata 11.5. Atafute reli ya milimita 12, ambayo hutengenezwa zaidi kwa ajili ya wapenda reli za milimani za Uswisi. Nusu milimita iliyozidi hakuna jicho litakaloiona. Wa TAZARA ana njia nzuri isiyojulikana sana: atumie reli ileile ya 16.5, lakini injini, mabehewa na majengo ayaunde kwa 1:64, kwa kuwa 1,067 gawanya kwa 64 ni 16.7. Shida inabaki kwenye mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya vyuma vya reli. Ya reli ya HO yatakuwa membamba, mafupi na yamebanana mno, hivyo inabidi kuyang'oa na kuweka mengine aliyokata mwenyewe.

Na mataruma yenyewe yasifanane. TAZARA ni zege. Reli ya Kati ina sehemu nyingi za mataruma ya chuma, yenye umbo la karai refu lililopinduliwa, na ncha zake zimekunjwa chini zikaingia ndani ya kokoto. Mtu akitengeneza vijiti bapa vyenye ncha zilizokatwa wima, rangi ya kutu haitamsaidia, maana anachoonyesha bado ni mbao.

Kosa la pili ni kona. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ina upana wa sentimita 122. Ukiacha nafasi pembeni ili treni isidondoke sakafuni, kona kubwa inayoenea ina nusukipenyo cha sentimita 55. Kona nyingi za kwenye maboksi ni za 36 hadi 44. Behewa la abiria la mita 25 kwa 1:87 lina sentimita 29. Likiingia kwenye kona ya 36, tumbo lake linakata ndani na kugonga ukuta wa stesheni, huku kiungio kikivuta kwa ubavu hadi behewa jepesi linaruka. Kabla ya kupigilia chochote, kata kadibodi ya urefu na upana wa behewa, ichome pini mbili mahali pa magurudumu, iburuze juu ya mchoro wa kona. Itakuonyesha ukuta ukae wapi.

Injini iliyolitatua jambo hili kwa ukubwa halisi ni ya mvuke, aina ya Garratt. Zile za daraja la 59 za East African Railways, 34 kwa jumla, ziliundwa na Beyer, Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na urefu wa karibu mita 32. Chombo kirefu namna hiyo kiliwezaje kupita kwenye kona za reli yenye upana wa mita moja? Boila imening'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na kila seti inageuka peke yake. Tena kwa kuwa chini ya boila hakuna gurudumu, iliwezekana kuifanya nene na kulipanua tanuru. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, zote zikiwa na majina ya milima ya Tanzania. Rangi yake ni damu ya mzee. Wengi huipaka nyekundu ya zimamoto, na inaumiza macho kwa anayeijua.

Modeli yake kwa 1:87 ina urefu wa sentimita 36 hivi. Ukiweka mota kila upande, usizifunge kabla ya kuzipima: endesha kila seti peke yake kwenye mita moja ya reli, kwa volti ileile, na saa mkononi. Zikitofautiana sana, ya haraka itaivuta ya polepole na magurudumu yatateleza hadi mota ipate moto. Bora mota moja, na seti ya pili izunguke bure.

Madaraja ya kupita juu ya reli nyingine tuyaache kwenye ubao mmoja. Kupanda sentimita 8 kwa mwinuko wa asilimia 2 kunataka mita 4, na kushuka mita 4 nyingine, wakati mzunguko mzima wa ubao huo haufiki mita 6. Acha reli iwe tambarare, kata plaiwudi, shusha mto chini ya reli. Daraja litakuwa refu na injini haitahangaika.

Kokoto: mchanga wa ufukweni hapana. Una chumvi inayokula nyaya, na mara nyingine una chembe nyeusi za chuma zinazonaswa na sumaku ya mota. Mchanga wa mto una punje za mviringo, na kokoto ya reli lazima iwe na kona ili ishikane. Chukua vumbi la mawe yaliyopondwa, lichekeche kwa chujio la chai, pitisha sumaku. Lowesha kwanza kwa maji yenye matone ya sabuni. Bila sabuni gundi inasimama kama umande na kuhamisha punje. Kisha dondoshea kwa bomba la sindano gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa maji sehemu tatu. Pwani subiri siku mbili.

Umeme nao usiuamini kwenye viungio vya reli, hasa Tanga, Dar na Mombasa ambako hewa ina chumvi. Lehemu waya kila mita moja, ubavu wa nje wa reli. Ukilehemu ndani, gurudumu litapanda juu ya tone hilo na kutoka. Plaiwudi ipake rangi pande zote mbili, kwani inayonyonya unyevu upande mmoja hupinda na kuvuta reli.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni picha zinazopimika. Stesheni za zamani za njia ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, na za Reli ya Kati, iliyoanza 1905, zinazidi kuchakaa. Mpiga picha wako akishapata ruhusa ya mkuu wa stesheni, asimame akiutazama ukuta uso kwa uso, si kwa upande, na aegemeze pale fimbo ya mita moja iliyopakwa nyeupe na nyekundu kila sentimita 10. Kwa picha moja kama hiyo tunapata kimo cha mlango, upana wa dirisha na mteremko wa paa.

Msomaji wako,
Morogoro