Kwa askari mnaoingia madarasani kuwafundisha watoto wetu habari za unga, yaani heroini

Wanangu maaskari wa Mombasa,

Salaam aleikum. Nawaandikia kutoka Majengo. Wapo wanaosema askari akamate wauzaji, watoto awaachie walimu. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa hapa na amjue askari mchana, darasani, kabla hajakutana naye usiku maskani. Endeleeni kwenda. Lakini mnavyofundisha kunanitia hofu.

Mnakuja na picha za mateja, watumiaji wa unga, wenye vidonda, mnataja miaka ya kifungo, mnaondoka. Watoto hawa teja wanaye nyumbani. Ni ami yao, ni kaka aliyeuza masufuria ya mama. Arosto wameiona kwa macho yao, mtu anatetemeka na kutapika sakafuni. Picha ile haiwaongezei kitu, na mwenye kaka wa namna hiyo huinamisha kichwa wenzake wasimtazame.

Haya yalishajaribiwa kwingine. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles, Marekani, walianzisha mpango wa DARE wa kuwafundisha wanafunzi kuepuka dawa za kulevya, askari mwenye sare akawa mwalimu. Ukaenea nchi nzima. Watafiti walipowafuatilia wanafunzi, waliosomeshwa na wasiosomeshwa hawakupishana sana katika kutumia dawa. Mwaka 2009 wenye mpango wakabadili mtaala, wakaingiza mazoezi ya kuamua na kukataa. Sisi tuanzie hapo walipofika wao.

Maana mtoto hashiki kete ya unga siku ya kwanza. Huanza na muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, au kuber, tumbaku ya kuweka mdomoni, na anayempa ni rafiki yake wa kucheza naye mpira. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, mahakama ikaisimamisha amri ile. Kwa hiyo msiitegemee sheria peke yake. Mfundisheni mtoto atakalosema mwenzake anapomnyooshea mkono na kundi zima linamtazama. Alitamke, akosee, wacheke, arudie. Kipindi kizima kikiishia hapo, mimi sina malalamiko.

Zito zaidi ni hili. Siku moja mtoto atawafuata nje awaambie, "Kaka yangu anajidunga." Mtafanyaje? Mkienda jioni na pingu, mtoto yule ataitwa mchongezi na mama yake mzazi, na darasa lile halitawaambia neno tena. Marekani yalitokea: watoto walizungumza, wazazi wakakamatwa. Basi amueni kabla ya kuingia darasani, na OCS, mkuu wa kituo, aandike, kwamba neno la mtoto halitafanywa kesi juu ya mgonjwa wa nyumbani kwake. Mtoto mwenyewe akiwa hatarini, aitwe afisa wa watoto. Kaka aelekezwe kliniki ya Kisauni inayotoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, au kwa watu wa mashirika ya MEWA na Reachout, waliozoea kazi hii.

Wauzaji ndio kazi yenu. Na hapa nasema kwa uchungu, kwa kuwa wengi wenu ni watu wema: mtoto aliyemwona askari mmoja akipokea bahasha kwa muuza kete, mwaka mzima wa masomo yenu hautamwingia. Anayefanya hivyo asitumwe shuleni, na asibaki kazini pia.

Muhula ujao acheni bunduki kituoni. Njooni na muuguzi, na kijana mmoja aliyeacha unga, aulizwe maswali atakayoulizwa. Andikeni ubaoni 116, simu ya watoto, na 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, zote za bure. Wazinakili kwenye madaftari. Kisha wiki inayofuata arudi askari yuleyule, darasa lilelile.

Mzee wenu,
Majengo, Mombasa